Mjomba, pesa yangu inatosha lenzi moja tu: nichukue ipi?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila hii ndiyo mara yangu ya kwanza kukuandikia. Nina kamera ya Sony a6400, hizi zisizo na kioo ndani, na lenzi moja tu, ile iliyokuja nayo kwenye boksi: 16-50mm f/3.5-5.6. Nimejifunzia hiyo mwaka mmoja na nusu sasa. Mchana, nje, inanipa picha ninazozipenda. Shida yangu ni ukumbini.

Mwezi uliopita nilipiga picha harusi ya mfanyakazi mwenzangu, bure, iwe zawadi yangu kwake. Kuna wakati mama wa bibi harusi alisimama akamkumbatia binti yake, akawa anamfuta machozi kwa kiganja. Nilikuwa hatua kama sita kutoka kwao, zumu nimeivuta hadi mwisho. Nilipiga picha kumi na moja. Zote kumi na moja mkono wa mama umekuwa kama moshi, na nyuso zao zimejaa chenga. Nimeangalia taarifa za picha: 50mm, f/5.6, 1/60, ISO 6400. Na si hizo tu. Karibu picha zote za ukumbini nilikuwa nimevuta hadi 50. Bibi harusi hajalalamika, lakini mimi ile picha inaninyima raha hadi leo.

Sasa kuna mtu ameniomba nikampigie harusi yake miezi miwili ijayo, na safari hii atanilipa. Na mwisho wa wiki huwa napenda kupiga watoto wakicheza mpira. Nimekusanya pesa kidogo kidogo, inatosha lenzi moja, haitoshi mbili. Muuzaji ananiambia nichukue Tamron 18-300mm, lenzi moja inayomaliza kila kitu. Rafiki yangu anasema bila 70-200mm f/2.8 bado sijawa mpiga picha. Mwingine anataka niuze kamera nihamie fulu fremu, zile zenye sensa kubwa. Katika kusomasoma kwangu nimebaki na mbili, Sigma 18-50mm f/2.8 na Tamron 17-70mm f/2.8. Sigma naweza kuinunua mpya. Tamron mpya siifikii, labda iliyotumika, na hapo naogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Halafu nimesikia Sigma haina kituliza mtikisiko, na kamera yangu nayo haina. Video napiga mara chache sana.

Nisaidie Mjomba, kichwa kinaniuma.

Mpwa wako mwenye lenzi moja

---

Marahaba mpwa wangu,

Barua yako imenifurahisha kwa jambo moja: umeangalia taarifa za picha iliyokusumbua. Wengi wanaoniandikia huniuliza lenzi gani ni nzuri, na mimi nashindwa kuwajibu kwa sababu sijui picha zao zinaharibikia wapi. Wewe umeniandikia namba nne: urefu wa lenzi (50mm, si urefu wa umbo lake bali kiasi inavyovuta), tundu (f/5.6), kasi (1/60, yaani sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia) na ISO (jinsi kamera inavyoukuza mwanga huo). Namba hizo zinatosha kukupa jibu.

Tuanze na hiyo f/5.6. Namba ya f ni urefu wa lenzi ukigawanywa kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga. Kwa hiyo ukiwa 50mm kwa f/5.6, tundu lako lina upana wa milimita 9 hivi, sawa na punje ya njegere. Lenzi ya f/2.8 katika urefu huohuo ina tundu la karibu milimita 18. Upana umeongezeka mara mbili, lakini mwanga unapita kwenye eneo zima la duara, kwa hiyo unaoingia ni mara nne.

Sasa rudi pale ukumbini, mama yuko mbele yako. Mwanga ni uleule, ISO ni ileile 6400, ila lenzi ni ya f/2.8. Badala ya 1/60 ungepiga 1/250, na kwa 1/250 mkono unaofuta machozi unasimama, hata mistari ya kiganja inaonekana. Au ungegawana faida: 1/125 kwa ISO 3200, chenga zipungue na mkono ubaki na mwendo kidogo sana. Hicho ndicho unachonunua ukilipia f/2.8 kwenye zumu, na kwa kazi uliyonieleza hakuna kitu kingine cha kununua kabla yake.

Na kituliza mtikisiko kisikutishe. Kile kinatuliza mikono yako wewe. Mkono wa mama hakiugusi. Hata hiyo lenzi yako ya boksi inacho, herufi OSS zilizoandikwa juu yake ndizo hizo, na bado ulipata moshi. Watu wanaotembea, wanaokumbatiana, wanaocheza muziki wanataka 1/125 kwenda juu, na ukishafika kasi hiyo kwa lenzi fupi kama ya 50mm mikono yako haiharibu kitu. Kituliza kina kazi kubwa kwenye vitu visivyojisogeza na kwenye video ya mkononi. Kama ungeniambia nusu ya kazi yako ni video, ningekukatalia Sigma papo hapo.

Sasa washauri wako, mmoja mmoja.

Tamron 18-300mm ni lenzi ya kweli, ilitoka mwaka 2021, ina kituliza, uzito wake ni gramu 620. Ingekuwa wewe ni mtu wa safari, unapiga mchana, hutaki kubadilisha lenzi kwenye vumbi, ningekuambia ichukue. Lakini angalia namba zake: f/3.5-6.3. Hiyo 3.5 iko kwenye 18 peke yake. Ukianza kuvuta tundu linabanwa, na ukifika pale kwenye 50 yako hujapata nafuu ya maana kuliko lenzi uliyo nayo leo. Utakuwa umetoa akiba yako yote ukarudi nyumbani na picha ileile ya moshi, ila sasa unaweza kuivuta hadi 300. Haya nayajua kwa maumivu, kwa sababu lenzi yangu ya kwanza ya kununua kwa jasho ilikuwa ya aina hiyo. Niliipeleka kwenye mahafali ya mtoto wa dada yangu, ndani, jioni. Baba yake, ambaye si mtu wa kuonyesha hisia, alimwinua akamzungusha. Nina picha hiyo. Joho lile jeusi limekuwa kama wingu, na uso wa shemeji yangu una macho manne. Nilikuwa kwenye 1/30.

Huyo wa 70-200mm f/2.8 amekutajia lenzi ninayoiheshimu, lakini hajaangalia mfuko wako wala ukumbi wako. Piga hesabu ileile: 200 gawanya kwa 2.8, tundu linakuja karibu milimita 71. Vioo vipana namna hiyo ndivyo vinavyoifanya iwe ghali na nzito. Ya Sony ya kwanza, ya mwaka 2016, ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na ya pili ya 2021 imepunguzwa hadi kilo moja na gramu 45. Kamera yako ina gramu 403. Halafu sensa ya a6400, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni APS-C, yaani ndogo kuliko ya fulu fremu, kila urefu unauzidisha kwa 1.5 ili ujue utaona kiasi gani, kwa hiyo 70 itakuonyesha sawa na 105 kwenye fulu fremu. Picha ya ndugu kumi na wawili jukwaani utaipigia wapi? Nje ya mlango.

Kuhusu kuuza kamera ukahamie fulu fremu, hapana. Sensa kubwa inasaidia gizani, hilo ni kweli, lakini utauza kwa hasara, ununue kamera ghali zaidi, halafu ubaki na pesa ya lenzi hafifu ya f/5.6 tena. A6400 ina fokasi inayokamata jicho na kulifuata. Kaa nayo.

Tumebaki na hizo mbili ulizozichagua mwenyewe, na umechagua vizuri.

Sigma 18-50mm f/2.8 ilitoka mwaka 2021. Ni ndogo hadi inashangaza, gramu 290 hivi, na ukiiweka kwenye a6400 bado unaweza kuibeba kutwa nzima begani usihisi kitu. Inasogelea karibu sana pia: upande wa 18 inafokasi hadi sentimita 12 hivi, na kwa kuwa umbali huo hupimwa kutoka kwenye sensa, pete za harusi zitakuwa karibu kugusa kioo. Haina kituliza. Tamron 17-70mm f/2.8 ilitangazwa mwishoni mwa 2020, ina gramu 525, inacho kituliza, ambacho wao wanakiita VC, na bei yake iko juu ya Sigma. Zote mbili f/2.8 haibadiliki kutoka mwanzo wa zumu hadi mwisho, na hilo ni jambo kubwa. Ukishapanga mwanga wako ukumbini hautakimbia kila unapovuta.

Ungeniandikia tu "Sigma au Tamron", ningekujibu Sigma bila kufikiri, kwa sababu ni nyepesi, inapatikana mpya na ina dhamana. Lakini kuna sentensi moja katika barua yako iliyonifanya nisimame: karibu picha zote za ukumbini ulikuwa umevuta hadi 50. Mtu anayegonga mwisho wa zumu kila mara anataka kwenda mbele zaidi ila lenzi imemkatalia. Ukinunua Sigma utaipata 50 ileile, yenye mwanga mara nne, na utaendelea kugonga ukuta uleule.

Usinitegemee mimi peke yangu, jipime. Fungua picha za harusi ile, chagua thelathini ulizopiga ukiwa kwenye 50, kisha zikate kama ungependa zionekane. Ukijikuta kwenye nyingi unabakiza kama nusu ya eneo la picha, basi ulikuwa unaihitaji 70, maana 70 ukilinganisha na 50 inaonyesha nusu ya eneo hilo. Ukijikuta unakata pembeni kidogo tu, au hukati kabisa, basi 50 ilikutosha na ulichokosa ni mwanga peke yake, chukua Sigma mpya uwe na amani. Na ujiulize jambo moja kwa ukweli: hizo hatua sita, ulizuiwa kusogea au uliona aibu? Wakati wa kiapo unazuiwa, na ni haki. Wakati wa kukumbatiana unaweza kusogea hatua tatu na hakuna atakayekuona, macho ya watu wote yako kwa bibi harusi.

Mimi kwa ninavyokusoma, wewe ni mtu wa 70. Ningechukua Tamron iliyotumika kuliko Sigma mpya. Lakini hapo lazima nikufundishe kununua, maana hofu yako ya mbuzi kwenye gunia ina msingi.

Miaka mingi iliyopita nilinunua lenzi jioni, chini ya taa ya barabarani, kwa mtu aliyekuwa na haraka. Niliizungusha, nikaiona inang'aa, nikalipa. Asubuhi niliielekeza dirishani, na ndani ya kioo cha pili kulikuwa na nyuzi nyembamba zilizotawanyika kutoka ukingoni kama mizizi ya mche. Kuvu. Fundi niliyempelekea alinionyesha kwamba ilishakula utando wa kioo. Yule muuzaji simu yake haikupatikana tena.

Kwa hiyo nenda mchana. Nenda na kamera yako, betri imejaa, kadi iko tupu, na tochi ndogo yenye mwanga mkali. Vua vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma ya lenzi kwa kuinamisha tochi, uangalie kwa mbele, kisha geuza. Vumbi kidogo ndani lisikushtue, hata lenzi ya mwezi mmoja inalo na kwenye picha halionekani. Ukiona nyuzi kama za buibui, ni kuvu, rudisha lenzi mezani na uage. Ukiona kioo kimekuwa kama kimepigwa pumzi na hakifutiki, huo ni utando ulio ndani, nao unaua rangi pale taa inapokuwa mbele yako. Uache.

Zungusha zumu taratibu kutoka 17 hadi 70 ukiwa umefumba macho. Inatakiwa iwe na uzito mmoja mwanzo hadi mwisho. Ukihisi kama kuna mchanga, au mahali inakwama kisha inaachia, hiyo imeanguka au imeingia kitu. Shika lile bomba la mbele linalotokeza ukivuta, ulitikise polepole. Kucheza kidogo ni kawaida, kugongagonga si kawaida. Angalia ukingo wa mbele unapofungwa filta ya milimita 67, kama umebonyea basi lenzi ilishawahi kusalimiana na sakafu. Angalia na vichwa vya skurubu upande wa nyuma: vikiwa vimekwaruzwa, kuna mtu ameifungua.

Kisha kipimo ambacho wauzaji hawakipendi, kwa sababu kinachukua dakika kumi. Tafuta ukuta wa matofali au karatasi kubwa yenye maandishi, simama uelekee sawasawa, usiinamishe kamera, egemeza mahali. Piga 17, 35 na 70, zote kwa f/2.8. Ikuze picha kwenye skrini uangalie pembe nne. Pembe zote nne zikiwa laini kidogo kuliko katikati, hiyo ndiyo tabia ya lenzi nyingi za bei nafuu zikiwa wazi kabisa. Lakini pembe moja ikiwa na ukungu na tatu ziko safi, vioo vimehama ndani. Hakuna kupunguziwa bei kunakoponya hilo. Ondoka.

Mwisho piga kitu kilichotulia kwa f/2.8, f/5.6 na f/11, kamera ikichagua kasi yenyewe. Picha tatu zinatakiwa ziwe na mwanga sawa. Moja ikitoka nyeusi au nyeupe kupita kiasi, mabawa ya tundu yana shida. Fokasi kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara ishirini, usikilize. Na ili ujue kituliza kinafanya kazi, vuta hadi 70, weka 1/15, piga maandishi ya ukutani mara tano ukiwa umesimama imara. Ukipata tatu zinazosomeka, kiko hai.

Soma pia herufi zilizoandikwa kwenye lenzi kabla ya kutoa pesa. Tamron hiyo ya 17-70 inaandikwa Di III-A, yaani imetengenezwa kwa kamera zisizo na kioo zenye sensa ya APS-C, na lazima iwe ya mdomo (sehemu inayofungwa kwenye kamera) wa Sony E, maana lenzi hiyohiyo ipo ya Fujifilm pia na haitaingia. Ukikuta Di II, hiyo ni ya kamera za zamani zenye kioo. Kwa Sigma, DN ndizo herufi za kamera kama yako. Nimeona watu wakirudi nyumbani na lenzi nzuri isiyoweza kufungwa popote.

Ukishaipata, jambo moja litakushangaza wiki ya kwanza. F/2.8 inaleta mwanga lakini inapunguza kina. Ukiwa kwenye 70, mtu yuko mita tatu kutoka kwako, kilicho wazi mbele na nyuma ni sentimita 20 hivi. Mama na binti wakikumbatiana shavu kwa shavu watatoka wote. Mama akiwa mbele na binti nyuma ya bega lake, mmoja atafifia. Washa ile fokasi ya jicho, na kwa picha za kundi panda hadi f/5.6, waweke watu karibu na taa, uteremshe kasi kwa sababu wamesimama. Na flashi ndogo ya a6400 usiidharau. Ikishachomoza unaweza kuivuta nyuma kwa kidole iangalie dari, na dari likiwa jeupe na la chini utapata mwanga laini unaotosha mtu mmoja au wawili. Kwenye ukumbi wenye dari refu haitasaidia kitu.

Mpira wa watoto sasa. Huo usikuumize kichwa mwaka huu, maana unachezwa juani, na juani lenzi hafifu inatosha kabisa. Jua likiwa kali, kwa f/6.3 na ISO 200 unapata kasi inayozidi 1/1000, na mguu wa mtoto unaopiga mpira unaganda hewani. Kaa nyuma ya goli, karibu na nguzo, uwasubiri waje. Kwa 70 utapata nyuso zao zikija zimekukazia macho, na hizo ni picha bora kuliko migongo utakayoipiga kutoka katikati ya uwanja kwa lenzi ndefu. Ukipata pesa nyingine baadaye, tafuta Sony 55-210mm f/4.5-6.3 iliyotumika. Ni nyepesi, ina kituliza, na wengi huiuza kwa sababu haikuwafaa ndani ya nyumba. Utashawishiwa pia na Tamron 70-300mm. Vioo vyake ni vizuri na bei yake ni ya huruma, lakini haina kituliza na kamera yako haina. Kwenye 300 utahitaji 1/500 kila wakati, hata kwa ndege aliyetulia tawini, na kabla ya kupiga utaona picha inaruka kwenye kitafutio, kile kidirisha unachochungulia, hadi ushindwe kumweka mahali pake.

Kwa wasomaji wengine wenye kamera tofauti, hesabu ni ileile, majina yanabadilika. Wa Fujifilm, ile XF 18-55mm f/2.8-4 ya tangu 2012 bado ni mali, na ina kituliza. Wa Canon wenye sensa ndogo, Sigma 18-50mm imekuja kwa mdomo wa RF mwaka 2024. Lenzi za zamani za EF na EF-S zinakubali kwa adapta, ila za EF-M haziingii kwenye RF kwa njia yoyote. Wa Nikon Z mkinunua za zamani kwa adapta ya FTZ, chagueni zenye mota ndani yake, yaani AF-S au AF-P. Zile zinazosubiri kuzungushwa na kamera mtafokasi kwa mkono.

Mpwa wangu, kabla ya kununua chochote, ukimpata mtu wa kukukodishia Tamron hiyo au hata Sigma siku moja, ikodi. Nenda nayo kwenye ukumbi utakaofanyia kazi, saa ileile ya sherehe, taa zikiwa zimewashwa, umchukue rafiki atembee, ageuke, acheke. Miezi miwili inatosha kwa hilo. Na ile lenzi ya boksi usiiuze. Ina gramu 116 tu. Iache ndani ya begi siku ya kazi, kwa sababu lenzi moja ikianguka mlangoni mwenye harusi hatakusubiri.

Halafu zile picha kumi na moja. Usizifute. Chukua ile ambayo jicho la mama liko wazi zaidi, igeuze nyeusi na nyeupe, uichapishe ndogo, isizidi ukubwa wa kiganja. Chenga za ISO 6400 kwenye karatasi ndogo zinapungua sana, na ule mkono uliokuwa moshi utaonekana ni mkono unaotembea shavuni. Mpelekee bibi harusi. Kisha niandikie uniambie alisemaje.

Wako, Mjomba